Mama, mdudu mwenyewe yuko hivi

Mama shikamoo, shikamoo na baba. Natumaini hapo Mbagala wote wazima. Mi huku Kosta Rika niko poa kabisa, mkono umesharudi, hata hii barua nachapa kwa vidole vyote. Najua tangu uliponiona kwenye simu natetemeka hujalala vizuri, afu ukaniuliza sisimizi gani huyo wa kumlaza mtu mzima siku nzima? Sa leo nakuelezea taratibu umjue, maana mtu ukishakijua kitu hofu inapungua.

Watu wa huku wanamwita bala, yaani risasi. Venezuela wao wanamwita sisimizi wa saa 24, maana maumivu yake yanaweza kukaa siku nzima, na kweli mama, mi yalianza saa nne asubuhi yakaniachia kesho yake. Jina la kitaalamu ni Paraponera clavata.

Kwanza ni mkubwa. Angalia dole gumba lako, kile kiungo cha mwisho chenye kucha, basi akiwa mkubwa sana ndo anafika hapo, sentimita 2 mpaka 3 hivi. Ukimwona kwa mbali ni mweusi, ila jua likipenya kwenye majani likampiga unaona wekundu ndani yake, kama maji ya ukwaju uliolowekwa usiku kucha. Haonekani laini kama wale sisimizi wa kwenye sukari, huyu mwili umekwaruzika, na huku nyuma tumboni ana vinyweleo vya dhahabu iliyofifia. Taya kubwa zina meno, vipapasio vimepinda kama kiwiko.

Alama ninayoiangalia mi siku hizi iko nyuma ya kichwa tu, hapo begani, ana vijipembe viwili vifupi, kimoja kulia kimoja kushoto. Afu kiuno chembamba kina kinundu kimoja kimesimama. Silaha yenyewe haiko mdomoni mama, ni mwiba mkiani kama wa nyigu. Sio kama majimoto wa kwenye mwembe wetu, wale wanang'ata wanakumwagia tindikali pale pale kwenye kidonda, huyu anadunga sumu inayoenda kwenye mishipa ya fahamu ndo maana mkono ulikua unatetemeka wenyewe.

Na sio siafu pia. Siafu wana wale wenye vichwa vikubwa na wengine wadogo kabisa, hawa wanafanana karibu wote, hata malkia hawazidi sana. Hawatembei msafara, hawawezi kuja kututoa ndani usiku kama siafu walivyotutoa ule mwaka wa mvua kubwa tukalala kwa jirani. Anatafuta chakula mmoja mmoja, anapanda juu kabisa mitini, na kiota chao kiko chini kwenye mashina. Mi kosa langu nilishika shina bila kuangalia, nilikua najiegemeza nitoe tope kwenye buti.

Sa ngoja nikwambie kilichonifanya nisimchukie. Juzi jioni nimesimama mbali kidogo na mti ule ule, tochi mkononi, nikamwona mmoja anashuka polepole, katikati ya taya ameshika tone la maji matamu ya maua, tone zima duara linang'aa kama shanga ya kioo, zile zile taya za kutisha na tone halipasuki! Anashuka nalo hivo hivo mpaka kiotani akawape wenzake. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Nyumbani wewe ulikua unabeba ndoo kichwani toka bombani bila kumwaga, nikakukumbuka hapo hapo.

Mwambie Juma huo mwembe asiupige dawa kwanza, majimoto wanakula wadudu wanaoharibu maembe. Halafu anipigie picha ya mmoja kwa karibu sana, kiunoni na begani, nataka nimlinganishe na huyu wa kwangu. Ntapiga jumapili saa mbili usiku ya kwenu, huku itakua saa tano asubuhi, muwe na chaji.

Mwanao