Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: sindano ya mama mzazi isikosekane zahanati

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia mbele ya Watanzania wenzangu. Kwa kufuata ngazi tulishaandika: mwenyekiti wa kijiji, diwani, halmashauri. Tukaambiwa tuvute subira. Wiki iliyopita subira imetuishia.

Mdogo wangu alijifungua usiku katika zahanati ya kijiji chetu. Mtoto salama, kondo likatoka, ila damu haikukatika. Nesi akafungua friji kutafuta oksitosini, sindano ambayo kila mama anatakiwa kuchomwa mara tu mtoto anapozaliwa. Hakuna. Shemeji akapanda bodaboda usiku wa manane kwenda kugonga duka la dawa mjini, mimi nimeshika miguu ya mdogo wangu naisikia inapoa. Amepona, namshukuru Mungu. Namshukuru na nesi yule, alikuwa peke yake na wala simlaumu. Glovu alizovaa tulinunua sisi, pamoja na wembe, uzi na mpira wa kutandika.

Mheshimiwa, Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito anahudumiwa bure. Katiba, ibara ya 8, inasema lengo kuu la Serikali litakuwa ustawi wa wananchi. Ni ustawi gani huu, mama anavuja damu akisubiri pikipiki? Mwaka 2001 kule Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mwaka 2021 tulikatwa tozo za miamala ya simu, tukaambiwa zinajenga vituo vya afya. Tukakatwa. Mwaka 2023 ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na tuliifurahia kwa dhati. Lakini kadi ya bima itamfaa nini mzazi kama friji ni tupu?

Mimi nahisi oda inachelewa kufika Bohari ya Dawa. Wengine hapa wanasema ni umeme, maana dawa hiyo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na kwetu umeme hukatika ovyo. Vyovyote iwavyo, wenye uwezo wa kufuatilia ni ninyi.

Barabara tutasubiri. Gari la wagonjwa tutasubiri. Naomba sindano, Mheshimiwa: zahanati yoyote inayozalisha isilale hata usiku mmoja bila oksitosini. Mke wa jirani yangu anajifungua mwezi ujao, na atakwenda palepale.

Wako mtiifu,
Mwananchi