Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nishati ya Mimea, Usimamizi wa Ardhi na Hewa ya Ukaa

Ndugu wanachama,

Masuala ya fedha na uandikishaji yatasomwa na mhazini na katibu. Mimi naomba nieleze suala lililoishughulisha kamati tendaji kuliko jingine lolote mwaka huu: je, nishati itokanayo na mimea inaipunguzia nchi yetu hewa ya ukaa, au inaiongezea?

Hoja ya wanaoitetea inafahamika. Mmea hufyonza hewa ya ukaa unapokua, kwa hiyo kinachotoka unapochomwa ni kilekile ulichofyonza. Hesabu hiyo huwa sahihi iwapo kilichokatwa kitaota tena na iwapo hakuna msitu uliofyekwa kukipisha, na masharti hayo hutimizwa au kuvunjwa na wenye mamlaka juu ya ardhi, si na injini wala jiko. Ndiyo maana kamati imelitazama suala hili kama la utawala kwanza.

Ushahidi tunao hapahapa Tanzania. Katika miaka ya 2000, nchi za Ulaya zilipokuwa zikijiwekea malengo ya kuchanganya mafuta ya mimea na ya magari, wawekezaji walikuja kutafuta ardhi kwetu: Kisarawe na Kilwa kwa mibono kaburi, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, Bagamoyo kwa miwa. Miongozo ya serikali kuhusu mafuta hayo ilitoka 2010, wakati ardhi kubwa ilikwisha kugawiwa. Kilwa, msitu wa asili ulikatwa kupisha mibono, kisha mradi ukafa. Wa Kisarawe nao ukasimama mwaka 2011. Kwa kuwa ardhi ya kijiji lazima ihaulishwe, yaani ihamishwe kisheria, kuwa ardhi ya jumla iliyo chini ya serikali kabla mwekezaji wa kigeni hajaipata, mradi unapokufa ardhi hiyo hairudi kijijini yenyewe, na wanakijiji waliokuwa wakiutunza msitu hubaki bila sauti juu yake.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa namna hewa ya ukaa inavyohesabiwa kimataifa. Anayechoma mafuta ya mimea huandika sifuri katika hesabu yake ya nishati, na upotevu wa msitu huandikwa katika hesabu ya nchi ulikokatwa. Mibono ile ingefanikiwa, Ulaya ingepata sifa na Tanzania ingepata deni.

Hata hivyo, nishati ya mimea tunayoitumia zaidi ni kuni na mkaa, na hapo Kilosa inastahili kuangaliwa kwa makini. Kuanzia 2012, vijiji kadhaa vya wilaya hiyo vilitenga sehemu ndogo ya misitu yao kwa ajili ya mkaa, vikaigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50 vinavyovunwa kwa zamu katika mzunguko wa miaka 24, huku visiki vikiachwa vichipue. Ushuru ulilipwa kijijini, na mkutano mkuu wa kijiji ndio ulioamua matumizi yake. Mwanakijiji anayeona darasa likijengwa kwa fedha za msitu ana sababu ya kumzuia anayekuja kuufyeka kwa shamba, na ikumbukwe kwamba kilimo ndicho kinachomaliza misitu yetu mingi. Kwa maoni yangu, huo ndio mfano bora tulio nao. Kanuni za misitu za mwaka 2019 ziliiondoa sehemu kubwa ya maamuzi hayo kijijini na kuipeleka ngazi za juu zaidi, na biashara ya vijiji hivyo ikadorora.

Kwamba utawala wa ardhi ndio unaoamua, yaonekana pia nje ya nchi: Brazili, yenye mpango wa etanoli (mafuta ya magari yatokanayo na miwa) tangu 1975, ilipunguza ukataji wa msitu wa Amazon kutoka takriban kilomita za mraba 27,800 mwaka 2004 hadi 4,600 hivi mwaka 2012, kwa kutumia picha za setilaiti, faini, na kuwanyima mikopo waliofyeka kinyume cha sheria.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, tunauunga mkono kwa dhati. Lakini hadi mwaka huo mamilioni wataendelea kupikia mkaa, na mkaa huo utatoka msitu fulani. Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu maazimio mawili: chama kiziombe mamlaka husika zivirudishie vijiji vyenye mipango iliyoidhinishwa haki ya kutoza na kutumia ushuru wa mkaa, na chama kisiunge mkono mradi wowote wa mafuta ya mimea ambao haujaonyesha ardhi yake inatoka wapi, ilikuwa na nini, na itarudi kwa nani mradi ukifungwa. Naomba myajadili na kuyapigia kura.