Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kiharusi kwa Walio Chini ya Miaka 50

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya mnayo mkononi. Mimi nitabaki kwenye jambo lililochukua nguvu kubwa ya kamati mwaka huu: kiharusi kwa vijana. Msimamo wetu ni kwamba kijana asiruhusiwe kurudi nyumbani na neno "presha" peke yake kwenye kadi, kwa sababu chanzo ndicho kinachoamua tiba ya kuzuia kiharusi cha pili.

Kweli presha ndiyo inaongoza, hilo halina ubishi. Lakini mtu wa miaka 30 mwenye 180/110 aulizwe habari za figo: apime protini kwenye mkojo na kreatinini (taka inayochujwa na figo) kwenye damu. Figo zikiwa ndizo zinazoipandisha, kumwambia apunguze chumvi tu ni kumchelewesha. Upimaji wenyewe nao hukosewa mno. Mtu aketi dakika 5 akiwa ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, awe ameshakwenda haja ndogo, asiongee. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Mpira ulio ndani yake uzunguke asilimia 80 ya mkono.

Selimundu inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo. Kwa wenye aina kali, bila kinga, takriban 1 kati ya 10 hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Chembe nyekundu za damu zilizopinda huumiza kuta za mishipa mikubwa ya ubongo, njia ikawa nyembamba, na damu ikapita hapo kwa kasi kama maji kwenye bomba lililobanwa. Kasi hiyo hupimwa kwa doppla ya kichwa, kipimo cha mawimbi ya sauti, bila sindano wala mionzi; ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko hatarini. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuongezewa damu kwa utaratibu hupunguza hatari hiyo kwa takriban asilimia 90. Kwetu damu ya kila mwezi haipatikani kirahisi, hivyo tunasukuma dawa ya haidroksiyurea, inayomezwa kila siku huku chembe za damu zikipimwa mara kwa mara. Doppla ifanyike kila mwaka, kuanzia miaka 2 hadi 16.

Wenye valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayofuata maambukizi ya koo, huganda damu moyoni, na bonge likichomoka huishia kwenye ubongo. Sindano ya penisilini, ya kuzuia homa hiyo isirudi, ni kila wiki 3 hadi 4, bila kuruka. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa kawaida hutakiwa kuwa na INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) ya 2 hadi 3. Mchicha na kisamvu asiviache. Ale kiasi kilekile kila wiki, maana kubadilibadilisha ndiko kunakovuruga kipimo.

Kwa akina mama, hatari haiishi mtoto akizaliwa. Presha ya 160/110 ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua ni dharura, na kichwa kinachouma sana wakati huo kisiitwe uchovu. Mwenye kipanda uso kinachotanguliwa na mimuliko ya mwanga asipewe vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Kitanzi cha shaba kinamfaa.

Halafu kuna shingo. Kinyozi anayemaliza kazi kwa kuikunja ghafla hadi ilie anaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa. Hutokea kwa nadra, lakini mchaniko wa mishipa ya shingo ni chanzo kinachojulikana cha kiharusi kwa vijana. Mwambieni aache.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakigongana, andikeni saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha bonge ina kikomo cha saa 4 na nusu kuanzia hapo. Asipewe aspirini kabla ya CT skani (picha ya ubongo), kwani huenda mshipa umepasuka. Wala asinyweshwe chochote, atapaliwa.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe ununuzi wa mikanda mikubwa ya kupimia presha kwa kila tawi. Makadirio ya bei yamo kwenye kabrasha la mweka hazina.