Kitanda kinachopima usingizi: ulizeni haya kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Vitanda na mikeka ya kupima usingizi vinatangazwa sana mitandaoni siku hizi, na mtu aliye Kampala, Mbarara au Gulu anaweza kuagiza kimoja leo akiwa na kadi ya benki tu. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako kifaa hiki kinaweza nini na kinashindwa wapi. Uwezo wake wa kugundua pumzi inayokatika usingizini ni wa kweli na una thamani kubwa. Lakini asikinunue mtu ambaye hajajua kitafanyaje kazi umeme na intaneti vikikatika, wala nani atakayeshika taarifa za usiku wake.

Hakuna waya unaogusa mwili. Moyo unapopiga, damu husukumwa kwenye mshipa mkuu na mwili mzima hutikisika kidogo mno. Kifua nacho hupanda na kushuka mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mitikisiko hiyo hupita kwenye godoro hadi kwenye mkeka mwembamba ulio chini yake, wenye mfuko wa hewa au utando unaotoa umeme kidogo ukikandamizwa. Kompyuta ndogo hutenganisha mwendo wa polepole wa pumzi na ule wa haraka wa moyo, kisha hukisia kama mtu yuko macho, yumo kwenye usingizi mzito, au anaota.

Nasema hukisia kwa sababu kipimo kamili cha hospitali hubandika nyaya kichwani, karibu na macho na kidevuni, hupima hewa ya puani na oksijeni ya damu, na usiku mzima husomwa kwa vipande vya sekunde 30. Kitanda hakiuoni ubongo. Ukilala kimya dakika 40 ukitazama dari, huenda kikaandika kwamba ulikuwa umelala. Kiaminini kwa saa ya kupanda kitandani, saa ya kuamka, mapigo ya moyo na pumzi za mtu aliyetulia. Hesabu ya usingizi mzito na wa ndoto isiwakoseshe raha. Ile alama ya usingizi ambayo kifaa hukupa asubuhi, 74 au 91, kila kampuni huitunga kwa kanuni yake, kwa hiyo 80 ya kampuni moja si 80 ya nyingine. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza habari za wagonjwa waliozidi kukosa usingizi kwa kuhangaikia namba za vifaa hivi. Atakayekitumia na atazame mwelekeo wa wiki mbili au zaidi, aachane na namba ya jana.

Faida iliyo kubwa kuliko zote ni kwa watu wanaokoroma. Koo la mtu likijifunga usingizini, pumzi hukatika sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, ubongo humshtua, naye huvuta hewa kwa kishindo bila kukumbuka lolote asubuhi. Madaktari huhesabu vipindi hivyo kwa saa, pamoja na vile ambavyo hewa hupungua sana bila kukatika kabisa. Kuanzia 5 ni tatizo jepesi, 15 ni la kati, 30 na kuendelea ni kali. Aliyelala saa 6 na kupata vipindi 120 ana wastani wa 20, naye anahitaji matibabu. Baadhi ya mikeka hutambua vipindi hivi vizuri kiasi cha kumfanya mtu aende hospitali. Kwa dereva wa lori wa njia ya Malaba hadi Elegu, au wa basi la usiku, hilo ni jambo la uhai wake na wa abiria, maana mtu wa namna hii husinzia kwenye usukani hata akidai alilala saa 8.

Lakini kabla ya kutoa pesa, kuna maswali manane ambayo madaktari hutumia duniani kote, nayo ni bure. Je, unakoroma kwa sauti ya kusikika nje ya mlango uliofungwa? Unachoka mchana? Kuna aliyeona pumzi yako ikikatika? Una presha? Uzito wako kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wako kwa mita mara mbili mfululizo, unazidi 35? Umri umepita miaka 50? Shingo inazidi sentimita 40 kwa tepu ya fundi cherehani? Wewe ni mwanamume? Ndiyo 3 au 4 ni hatari ya kati, 5 na zaidi ni hatari kubwa. Mwenye 5 amwone daktari wa masikio, pua na koo au wa kifua, na pesa za kitanda azielekeze kwenye vipimo. Chama cha Marekani cha madaktari wa usingizi kilitamka mwaka 2018 kwamba vifaa vya dukani visichukue nafasi ya uchunguzi wa daktari, nami nakubaliana nacho kabisa.

Malaria nayo lazima itajwe. Homa ikipanda nyuzi moja ya selsiasi, mapigo ya moyo huongezeka yapata 10 kwa dakika, hivyo kitanda kinaweza kuonyesha mabadiliko. Hakiwezi kusema ni malaria, mafua au pombe ya jana. Kapimeni damu. Kwa watoto wachanga msikitumie kabisa kama mlinzi wa pumzi.

Anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni mkeka wa kuweka chini ya godoro lake mwenyewe, kwani vitanda vingi vinavyopoza na kupasha kwa maji hugharimu zaidi ya dola 2,000 kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, na vingine hudai malipo ya mwezi juu yake. Mkeka ukae usawa wa kifua. Ukiteremka kwenye tumbo au mapaja, mapigo hupotea. Vitanda vyetu vingi vina mbao zenye nafasi katikati, na mkeka hudidimia humo na kusoma ovyo, kwa hiyo wekeni ubao mwembamba wa plaiwudi chini yake. Godoro la sponji lililobonyea katikati ni tatizo jingine, na hilo dawa yake ni godoro jipya. Wawili wakilala pamoja, kila mmoja awe na mkeka wake. Mtoto akijipenyeza katikati, namba za usiku huo zitupwe. Feni iliyofungwa kwenye fremu ya kitanda nayo hutikisa, iondoeni. Neti ichomekwe chini ya godoro kama kawaida, haizuii kitu. Asiache mtu kuichomeka kwa ajili ya waya au mabomba ya kitanda.

Vitanda vya kupoza vina shida ambayo matangazo hayaitaji. Katika chumba chenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kandokando ya Ziwa Victoria, chochote kilichopoa chini ya nyuzi 20 hivi hutoa umande. Ukikiteremsha kitanda hadi 15, shuka litalowa na godoro litaota ukungu. Umeme nao una gharama. Kibandiko kikisema wati 200, saa 8 za usiku ni uniti 1.6, kwa mwezi uniti 48, karibu shilingi 36,000 za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa bei ya 750 kwa uniti. Tena angalieni kibandiko hicho kiseme volti 100 hadi 240. Kilichotengenezwa kwa volti 120 za Marekani kitaungua siku ya kwanza. Stabilaiza ni ya lazima.

Kuhusu intaneti, tarehe 20 Oktoba 2025 seva za Amazon huko Virginia, Marekani, zilipata hitilafu, na vitanda vya kampuni ya Eight Sleep, vinavyozitegemea, vikagoma kutii amri. Wengine walibaki kwenye joto, wengine wakiwa wameinuliwa mgongo. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, na baadaye ikaongezwa njia ya kukiendesha kitanda kwa Bluetooth. Sisi tuliozimiwa intaneti nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 tuna sababu zaidi ya kumuuliza muuzaji: ruta ikizimwa usiku, kipi kinabaki kufanya kazi? Jaribuni dukani, mbele yake.

Linalonikera zaidi ni taarifa. Kitanda kinajua umelala nyumbani au la, mko wangapi kitandani, moyo wako ulienda mbio saa ngapi. Atakayeiba nenosiri lako atajua nyumba i tupu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa ya mwaka 2019 inazipa habari za afya ulinzi wa pekee, na inaweka masharti kwa zinazopelekwa nje ya nchi. Julai 2025 Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliiamuru hata Google ijisajili hapa. Waagizaji wa vitanda hivi nao waulizwe wamesajiliwa au hawajasajiliwa. Na kampuni za usafirishaji zisije zikawalazimisha madereva kulalia mikeka hii ili kuwachuja kazini. Dereva apimwe kwa ridhaa yake, majibu yabaki kwake na kwa daktari.

Anayeuza au kununua cha mitumba afahamu kwamba akaunti ya mwenye kitanda wa kwanza hubaki humo mpaka aifute mwenyewe. Ifutwe kwenye programu ya simu kwanza, kisha kifaa kirudishwe katika hali ya kiwandani, na mnunuzi ahakikishe amekisajili kwa simu yake kabla ya kutoa pesa.

Fundi wa vifaa vya hospitali,
Nakawa, Kampala