Lida za uvuvi tusokote wenyewe

Kamwene mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Mi naongoza wageni kuvua samaki aina ya trauti huku Mufindi, kwenye mabwawa ya kwenye chai, na kila nikiona vijana wenzangu wanachangishana hela kuagiza lida za nailoni, yani vile vipande vya kuunganisha mshipi na chambo, toka nje roho inaniuma, kile kitu unakisokota mwenyewe nyumbani kwa uzi wa cherehani.

Kwa wasiojua, kwenye uvuvi wa nzi chambo ni manyoya yamefungwa kwenye ndoano, hayana uzito kabisa, unachorusha ni mshipi wenyewe ambao ni mnene. Sasa kati ya mshipi na nzi panahitajika kipande kinachoanza kinene kinaishia chembamba, ndo hiyo lida. Ikiwa mbovu mshipi unatua chubwi na samaki ashaondoka. Trauti ni mwoga sana jamani, asili yake si huku, alipandikizwa enzi za ukoloni kwa sababu maji yetu ni ya baridi. Na hiyo baridi ndo inaiumbua nailoni, mwezi wa 6 na wa 7 ukungu ukishuka ukiitoa kwenye pakiti inakaa na mikunjo kama springi, unaivuta weee hainyooki. Ya kusokota haina hiyo shida, inalala kwenye maji taratibu kama jani.

Mi nina ubao wa futi 8 nimepigilia misumari mistari miwili. Kila mstari naanza nyuzi 10 upande mnene, msumari unaofuata 8, alafu 6, mwisho 4, na kila kitanzi kipya kinapita ndani ya kitanzi kilichotangulia kama mnyororo. Hapo sasa nachukua keekee ya seremala nimeiweka kulabu ndogo ya kutundikia vikombe, nasokota mstari mmoja mpaka umepungua kama sehemu moja ya kumi ya urefu wake, nauning'iniza ukiwa umekazwa, nasokota na wa pili upande uleule. Kisha naiunganisha yote miwili kwenye kulabu moja nazungusha kinyume. Msokoto wa kwanza unataka kufunguka, wa pili unaubana, basi haufumuki tena. Bibi yangu alikuwa anasokota kamba za kufungia kuni pajani kwa mtindo huohuo, nyuzi mbili zinaviringishwa mbele alafu zinarudishwa pamoja, yani hiki kitu tunacho siku zote ila hatujawahi kukifikiria kwenye mambo ya mshipi. Hata Waingereza wenyewe karne ya 17 walivua kwa nywele za mkia wa farasi zilizosokotwa.

Kitu kimoja, usiachie kulabu hata sekunde. Lida yangu ya kwanza nilishaifikisha kwenye msokoto wa mwisho mtoto akaniita nikageuka, kulabu ikaponyoka kidoleni, uzi wote ukajikunja ukawa kifundo kimoja kama cha ngumi, kazi ya saa nzima nikaikata kwa wembe.

Ukimaliza ipake nta ya nyuki, ile ya kawaida tu, uisugue kwa vidole mpaka ipate joto iingie, maana uzi unakunywa maji na bila nta inazama na pia inamwaga matone juu ya bwawa kila ukirusha, samaki wanashtuka. Mbele unafunga nailoni nyembamba ya futi 3 hivi, hiyo ndo utakayokuwa unabadilisha, lida yenyewe ukiitunza inamaliza msimu mzima. Ndoano ikinasa kwenye mti usivute kwa nguvu, ina mvutiko inaweza kurudi mpaka usoni, shika nailoni ya mbele kwa mkono uikate.

Kuna na lingine, mhariri. Pembeni mwa bwawa tunapovulia nailoni zilizotupwa zimejaa, mwezi jana nimemkuta ndege kafungwa miguu yote miwili, nikamkata taratibu kwa kisu, mguu mmoja ulishavimba. Zile nailoni ni za sisi wavuvi, sio za mtu mwingine.

Kijana yeyote wa Mafinga au huko Mbeya kwenye mto Kiwira anayetaka kujifunza, atafute ubao na misumari, uzi wa poliyesta upo kwa fundi cherehani yeyote, achukue ule mwembamba kuliko wote.

Mwongoza wavuvi,
Mufindi, Iringa