Menyu ya apu yenu mpya ya benki inatupoteza sisi wateja

Kwenu huduma kwa wateja, habari za kazi.

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi hapa Dar, naandika kuhusu hii apu mliyoiapdeti maana imenikera kweli na najua siko peke yangu. Zamani ukifungua tu, LUKU (umeme wa kulipia kabla) hii hapa, unaweka namba ya mita, unalipa, unapata tarakimu zako 20 unaenda kujaza. Sasa hivi mpaka uingie Malipo, halafu Taasisi, halafu Huduma za Jamii, halafu Nishati, ndo unaikuta LUKU huko chini na umeme ushakata. Na ukikosea njia ukabonyeza kurudi, haikurudishi hatua moja, inakutupa mwanzo kabisa! Kuna na hiyo Huduma Nyingine, ukiingia ndani unakuta tena Huduma Nyingine, jamani.

Naelewa kwenye ile menyu ya kupiga namba za nyota na reli (* na #) bila intaneti lazima mgawe ngazi kwa ngazi, ujumbe mmoja unabeba herufi 182 tu, hazitoshi kuweka kila kitu. Lakini simu janja ina skrini nzima, kwanini mmeichukua menyu ile ile mkaibandika humu? Bili ya maji mmeweka kwake, ada ya chuo kwake, leseni kwake, wakati zote zinalipwa kwa control namba (ile namba ya malipo unayopewa na anayekudai), si muweke sehemu moja tu mtu aingize namba yake amalize. Inaonekana mmepanga kwa vitengo vyenu vya ofisini, sisi vitengo hivyo hatuvijui.

Lililoniuma zaidi ni la kadi. Wife kaibiwa pochi Kariakoo, kadi imo, tunahangaika na apu tuifungie, tukaingia Kadi tunakuta kuomba kadi mpya na kubadili PIN basi, kumbe kufungia mmeficha kwenye Wasifu, ndani yake Mipangilio, ndani yake tena Usalama. Nani angewaza huko wakati mikono inatetemeka na mwizi huenda yuko dukani anachanja?

Naomba kufungia kadi kuhamie kwenye Kadi, tena juu kabisa, hii isisubiri apdeti nyingine. Salio, kutuma hela, LUKU na control namba zirudi mbele, mtuwekee na sehemu ya kutafuta, na kurudi nyuma iwe hatua moja.

Nijibuni kwa email hii hii. Kama hamjanielewa niko tayari kuja tawini na simu yangu niwaonyeshe.

Mteja wenu