Meli za mafuta zitakuja na farumi, nani ataitazama?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa vyombo hapa Sahare, Tanga. Kabla ya kushika tezo na kalafati nilikuwa baharia wa jahazi la Pemba, kwa hiyo neno farumi, yaani uzito unaotiwa chomboni kisipinduke, sikulisoma kitabuni. Jahazi likishapakua Wete linakuwa jepesi, na ukilitoa hivyo hivyo kwenye upepo litakulaza. Tulikuwa tunajaza mchanga au mawe tumboni, tukifika Tanga tunamwaga ufukweni. Mchanga ule wa Pemba uko hapa hapa kwetu mpaka leo, na hakuna aliyewahi kugombana nao.

Mpwa wangu ni baharia wa meli kubwa za nje. Alipokuja likizo tulikaa barazani tunakula muhogo wa nazi na tasi wa kukaanga, nikamuuliza meli zile zinatiwa farumi gani. Akacheka. "Mjomba, mchanga ulishakwisha zamani. Siku hizi ni maji. Tukipakua mzigo tunavuta maji ya bahari ya pale pale, tunajaza matangi, tunasafiri nayo. Tukifika pa kupakia tunayamwaga." Nikamuuliza ni kiasi gani. Akasema meli moja kubwa ya mafuta hubeba makumi ya maelfu ya tani. Tonge likanikaa mkononi.

Maana mchanga ni mchanga, lakini maji ya bahari yana wenyewe. Yana mayai ya samaki, watoto wa kaa, makombe machanga yasiyoonekana kwa jicho, vimelea vya kila namna. Ukiyachota upande mmoja wa dunia ukayamwaga upande mwingine, umehamisha kijiji kizima.

Sasa tazama ramani yetu. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, ng'ambo tu ya ghuba hii. Meli inayokuja kuchukua mafuta haiji na mzigo. Inakuja tupu, na meli tupu ndiyo iliyojaa farumi. Sisemi haya kwa kulipinga bomba. Vijana wa mtaani kwangu wamepata kazi, na bandari nayo imechimbwa hadi kina cha mita 13, meli zinafunga gatini, yale mateso ya kupakulia kwenye matishari katikati ya maji yamekwisha. Nashukuru. Ninachouliza ni hicho tu kitakachomwagwa.

Sisi wa pwani mgeni asiyeondoka tunamjua. Kunguru wa India aliingizwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, akavuka, na leo mke wangu hawezi kuanika dagaa bila kuweka mtoto na fimbo. Ametiliwa sumu, ametegewa mitego, bado yupo. Na huyo ni kunguru, anapiga kelele, anatua juu ya mwembe unamwona. Wa chini ya maji utamsikia wapi?

Watu wa Bahari Nyeusi walimwona mgeni wao walipokwisha kuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 farumi za meli ziliwaletea kidudu cha ute kutoka pwani ya Amerika, mfano wa konyeza ila hawashi. Chakula chake ni vile vile wanavyokula dagaa, na juu yake anakula mayai na watoto wa dagaa wenyewe. Bahari ile ilikuwa tayari imevuliwa kupita kiasi, na kabla ya miaka ya 1990 kuanza vizuri nyavu za dagaa zikawa zinapanda na ute. Nafuu ilikuja baada ya mwaka 1997, alipoingia kidudu kingine cha jamii hiyo hiyo, mgeni naye, ambaye chakula chake ni yule wa kwanza. Hiyo ni bahati, si mpango. (Na tusijione watakatifu. Yule samaki wa mwambani kwetu mwenye mapezi kama manyoya ya jogoo na miba ya sumu, ndugu zake wamepita mfereji wa Suez, na sasa watu wa Kupro wanamwinda kwa mikuki na kumla ili wampunguze. Kwao sisi ndio tuliotoa kunguru.)

Mpwa wangu anasema sheria ipo. Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi ulipitishwa mwaka 2004 ukaanza kufanya kazi Septemba 2017. Kwanza meli zilitakiwa kubadilisha maji katikati ya bahari kuu, maili 200 kutoka pwani, na mahali penye kina cha mita 200 au zaidi, kwa kuwa viumbe wa kina kirefu hawaishi vizuri pwani. Siku hizi meli zina mitambo ya kuchuja na kuua, wengine kwa mwanga wa urujuanimno, wengine kwa klorini, na kila tangi linaandikwa kwenye daftari: limejazwa wapi, limemwagwa wapi. Mkaguzi wa bandari ana haki ya kulidai daftari na kuchota maji akayapime. Vizuri. Lakini nimeishi na mabaharia miaka mingi. Daftari halimwagi maji, na mtambo huharibika.

Kwa hiyo mimi nataka tuongeze jicho la pili, na hapa naomba wahusika wanisikilize. Mwaka 1999 huko Darwin, Australia, wapiga mbizi walikuta kome wadogo wenye mistari myeusi, asili yao bahari za joto za Amerika, wameganda kwenye bandari ndogo ya mashua za starehe. Miezi kadhaa nyuma wataalamu walishapazamia pale pale wasimkute. Kwa kuwa walijua jana palikuwaje, leo walijua kwamba huyu ni mgeni. Hawakukaa vikao mwaka mzima. Bandari zile zina milango ya kuzuia maji kwa sababu ya kujaa na kupwa kukubwa, wakaifunga, wakamwaga klorini na mrututu mpaka kila kilicho hai mle ndani kikafa, na mashua zilizokwisha kutoka zikafuatwa. Ndani ya wiki chache kome yule hakuwepo tena. Iligharimu zaidi ya dola milioni 2 za kwao.

Ghuba ya Tanga haina mlango. Kwetu aliyeingia ameingia.

Nije kwangu. Kabla ya Ramadhani niliipweleza boti moja ya faiba iliyolala miezi minne jirani na magati. Maji ya bamvua yalipotoka nikajilaza chini ya mkuku na kikwangulio. Karibu na tundu la kupozea mashine nilikuta shada la kome, kila mmoja kama ukucha wa kidole gumba, gamba jembamba linapasuka kwa kubinya, wameshikana kwa nyuzi kama nywele. Nimekwangua vyombo miaka thelathini na kitu. Nikawaita wazee wenzangu watatu, mmoja mvuvi wa pweza anayeujua mwamba kama jiko lake. Hakuna aliyempa jina. Huenda ni wa kwetu tu, tumempita siku zote. Nikawatia kwenye kopo la maziwa nikaenda ofisi moja mjini, sitaitaja. Kijana wa mapokezi akaniuliza nauzaje. Nilipomweleza akanielekeza ofisi ya pili, ya pili ikanirudisha kwa yule kijana.

Mhariri, silikanti, yule samaki wa kale aliyeletea Tanga jina duniani, hakuonekana kwanza na mtaalamu. Ni wavuvi wa nyavu za jarife, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walioinua samaki mwenye mapezi kama miguu wakasema huyu simjui. Kulikuwa na mtu wa kuwapokea, na mwaka 2009 tukapata hifadhi ya bahari. Sasa wekeni mtu kama huyo kwa ajili ya makombe, kaa na majani ya baharini. Wapelekeni wapiga mbizi Chongoleani, kwenye magati, Kisiwa cha Toten na Ulenge, waandike nani anaishi pale leo kabla meli za mafuta hazijazoeleka, warudi kila baada ya miezi sita. Na sisi tupeni namba moja ya simu, ibandikwe Deep Sea, Kasera, Sahare na Tongoni, ijibiwe na anayejua kome ni nini.

Wale wangu nimewatia spiriti, wako juu ya rafu bandani. Anayetaka kuwatazama aje maji yakiwa yamepwa, wakati huo huwa niko chini ya chombo.

Fundi wa vyombo,
Sahare, Tanga